Akina Esperance Wawili na Meza ya Milagros

Kabla hamjaamini hata sentensi moja katika haya, ulizeni nani amenituma kuandika. Nimetumwa na vijana wa kwaya yetu hapa Buffalo. Watatu kati yao wanataka kazi niliyoistaafu, ya ukalimani, na tangu nirudishe beji yangu hawaniachi nipumzike. Mama Riziki, tuandikie. Mama Riziki, wewe ulifanyaje? Haya, nawaandikia. Lakini msiniamini kwa sababu tu nina mvi. Nendeni mkawaulize na wengine.

Mnacheka. Chekeni tu. Mimi nimefanya kazi Louisville, Columbus na hapa, nimetafsiri hospitalini, mahakamani, shuleni, na miaka ya mwisho nimepiga hodi milangoni mpaka vidole vimeota sugu. Kilichoniweka kazini miaka yote hiyo ni kushuku. Na siku niliyoacha kushuku, siku moja tu, nilikaribia kumharibia mama mmoja maisha. Hiyo ndiyo nitakayowaeleza, ila mnivumilie nitapita njia ndefu kidogo.

Tuanze na mlango. Mlango wa mtu wetu una macho. Ukiugonga kwa ngumi, ndani wanazima televisheni, mtoto anazibwa mdomo, na wewe utasimama hapo mpaka uchoke. Gonga kwa kucha. Sema hodi kwa sauti ya mtu aliyetoka kazini, halafu rudi nyuma hatua mbili ili wakuone mpaka viatu. Usishike faili! Kwa watu wetu, mwenye faili katumwa na mahakama, au na mwenye nyumba, au na wale wanaochukua watoto. Karatasi zako zitie kwenye mfuko wa plastiki wa dukani, na juu yake weka kitunguu. Nimefunguliwa milango mingi sana kwa ajili ya kitunguu.

Hayo sikuyajua nilipofika. Louisville tulikaa Highview, kwenye apatimenti za ghorofa mbili, mimi na watoto wanne. Nilikuwa napanga vifurushi ghalani. Nilianza ukalimani kwa bahati mbaya, kwa kuwa nilikuwa mama pekee pale aliyejua Kiingereza cha kuulizia kwa nini maji ya moto yamekatika. Watu wakaanza kuniletea barua zao. Nilikuwa nasoma mlangoni, mwiko mkononi, nikijiona daktari. Nilimwambia jirani yangu barua yake ni ya matangazo, akaitupa. Ilikuwa ya kumwita mwanawe shuleni kupimwa masikio. Mtoto alikaa mwaka mzima mwalimu akimdhani mkaidi. Yule jirani hakunisema vibaya hata kidogo, na bado naona aibu.

Columbus ndipo nilipopata mwalimu. Bi Zuhura, mwanamke wa Kigoma, mkalimani wa hospitali, mwenye Kiswahili kilichonyooka na ulimi mkali. Kiswahili hiki ninachowaandikia ni chake. Mimi nilikuja na kile chetu cha Bukavu, bon, donc, ile mutu iko wapi, na yeye alinikatiza kila sentensi mpaka nikalia chooni.

"Unalia nini?" akaniuliza. "Mgonjwa ndiye mwenye haki ya kulia. Wewe fundisha ulimi wako kazi."

Alinifundisha kwamba ukiwa kazini huna ndugu. Mtu wa kijiji chenu akikukonyeza umwambie daktari jambo ambalo yeye hakulisema, unamgeukia daktari na kusema: amenikonyeza. Alinifundisha kusoma karatasi kuanzia chini, kwenye herufi ndogo, ndipo upande juu. Siku moja kijana mmoja nadhifu alipita kwenye majengo yetu akisainisha watu fomu. Alisema ni ya kuhakikisha taa hazizimwi. Nusu ya mtaa walisaini, kumbe wamehamishiwa kampuni nyingine ya umeme. Bi Zuhura alimsikiliza yule kijana akitabasamu, akaomba fomu, akaisoma kuanzia chini, akairudisha na kufunga mlango. "Mtu akikuharakisha," akaniambia, "jiulize ana haraka ya nini." Akaendelea kukaanga samaki wake.

Nilihamia Buffalo kwa sababu dada yangu alipata nyumba East Side, na huku nikakutana na Milagros.

Kwanza niwaambie ni nani, maana wengine mnamjua tu kwa picha iliyo ukumbini. Milagros Otero alizaliwa hapa hapa. Mama yake alitoka Puerto Rico, alifanya kazi ya kumenya matunda ya kutiwa makopo mpaka mikono ikakunjamana. Yeye mwenyewe aliendesha basi la shule miaka na miaka. Kutoka hapo akaingia kwenye kamati ya wazazi, kisha akagombea kiti cha mtaa wetu kwenye baraza la jiji. Kiti hicho hakikuwahi kukaliwa na mwanamke wa Kilatini. Wakubwa wa siasa walimwambia asubiri zamu. Akawajibu kwamba dereva wa basi anajua kusubiri, ila pia anajua saa ya kuondoka.

Alikuja kanisani kwetu Jumapili tatu. Alikaa benchi la nyuma, hakuomba maikrofoni. Mwanasiasa asiyeomba maikrofoni! Nilimshuku tangu siku ya kwanza. Jumapili ya tatu alinifuata kwenye maegesho.

"Wanasema wewe ndiye mkalimani bora."

"Nani wanasema?"

"Na mimi ningeuliza hivyo hivyo," akasema, akacheka. "Nataka unitafsirie kwenye kampeni."

Nilimuuliza kwa nini anatutaka sisi, maana wengi wetu hata uraia hatujapata. Akaanza kunionyesha mtaa kwa kidole. Pale kwenye kona walipandia basi lake mapacha, mmoja alikuwa anatapika kila Jumatatu. Nyumba ile ya kijani, msichana alikuwa anakuja bila koti. Hakujua jina la mtu mzima hata mmoja, ila alizijua nyumba zote kwa watoto waliotoka ndani yake. Nikasema mmh. Mtu akijua sana nyumba za watu, na hilo nalo ni la kuangaliwa. Lakini kazi nikaichukua.

Naye alinishuku mimi! Hilo nililigundua baada ya mikutano kama minne. Kulikuwa na mama mmoja Mrundi, Goretti, mlezi wa wazee, anakuja kila mkutano, anakaa kimya, anakula sambusa. Kumbe Milagros ndiye aliyemweka pale anisikilize. Siku moja akina mama walisema gauni la mgombea limembana kama soseji, mimi nikatafsiri kwamba wanamsifu kwa kupendeza. Baada ya mkutano Milagros akaniita.

"Soseji?" akasema.

Nilikasirika vibaya sana. Nikamwambia kama haniamini aajiri huyo Goretti wake. Akasema: "Ninakuamini. Ndiyo maana nakukagua. Usiyemwamini hukagui, unamfukuza." Nilikwenda nyumbani nimevimba kwa hasira, lakini moyoni nikajua Bi Zuhura angempenda mwanamke huyu.

Sasa tufike kwenye kosa.

Sheria ya kampeni ilikuwa raia tu ndio wanaoandikishwa kupiga kura. Mwenye grini kadi, yaani ruhusa ya kuishi huku bila uraia, asiguse fomu, hata kwa mchezo. Kila mtu mezani kwetu alijua, na mimi nilikuwa mkali kuliko wote. Baada ya ibada niliweka meza mlangoni, na mtu asiyenionyesha cheti cha uraia nilimfukuza kama kuku.

Jumapili moja akaja Mama Kashindi. Cheti anacho, amekipata mwaka ule ule, amekivika plastiki. Lakini kwaya ilikuwa inaondoka kwenda kuimba Rochester, gari linapiga honi, na yeye ndiye sauti ya kwanza. Alisaini chini, akaandika jina na tarehe ya kuzaliwa, akasema, "Mama Riziki, hizo zingine utanijazia, si uko nazo zote kwa daftari yako?"

Nilikuwa nazo. Nilikuwa na daftari la miaka, lenye anwani na namba za vitambulisho za nusu ya kanisa, kwa ajili ya fomu za kliniki, za shule, za msaada wa joto la nyumba. Nikasema nenda, nitajaza nyumbani. Nyumbani nikafungua daftari, nikatafuta jina lililo kwenye fomu: Esperance Nabintu, amezaliwa tarehe moja Januari. Nikalikuta. Nikanakili anwani na namba ya kitambulisho, na Jumatatu fomu ikaenda.

Mmeshaelewa? Ninyi mliozaliwa huku hamjaelewa. Sisi mama akishazaa, jina lake linawekwa kabatini. Nimeimba na Mama Kashindi, nimempikia ugali alipofiwa, na jina lake la karatasi sikuwahi kulitamka. Na hiyo tarehe moja Januari, jamani, ndiyo siku yetu sote ya kuzaliwa! Kambini karani alikuuliza ulizaliwa lini, ukisema wakati wa kuvuna maharage, anaandika tarehe moja Januari na mwaka anaoukadiria kwa kukutazama uso. Katika kanisa letu tungeweza kukata keki moja tu kwa mwaka.

Kwa hiyo kulikuwa na akina Esperance Nabintu wawili, waliozaliwa siku moja mwaka mmoja, kwa kalamu ya karani. Mmoja ni Mama Kashindi, raia. Mwingine ni Mama Neema, anayefanya kazi kiwandani, anakaa kule Kensington-Bailey, ana grini kadi. Katika daftari langu alikuwamo Mama Neema peke yake.

Wiki chache baadaye alikuja kwangu saa ya chakula cha mchana. Hakuvua koti. Alitoa kadi kutoka kwenye mfuko akaiweka mezani, akabaki ameikandamiza kwa kiganja.

"Njo nini hii?"

Nikasoma. Kadi ya mpiga kura, jina lake, anwani yake.

"Mama Riziki, weye umeniuzisha kwa ule Mu-Portoriko?"

"Hapana! Mama Neema, haki ya Mungu, ni makosa."

"Makosa ya nani? Mimi sikusaini kitu. Mwanangu amenisomea. Anasema hii kitu inaweza kunirudisha kambini."

Mwanawe hakudanganya. Mama Neema alikuwa na miadi yake ya uraia baada ya miezi miwili. Kwenye ile fomu ya uraia kuna swali linalouliza kama umewahi kujiandikisha kupiga kura. Akisema hapana, jina lake limo kwenye daftari la serikali, ataonekana mwongo. Akisema ndiyo, ameungama kosa ambalo watu wamenyimwa uraia kwa ajili yake. Na kwa nini uraia? Kwa sababu ya Neema. Binti yake mkubwa alibaki kambini, aliolewa kabla safari haijatoka, akafutwa kwenye kesi ya familia. Mwenye grini kadi hawezi kumwombea mtoto aliyeolewa. Raia anaweza. Hata hivyo ombi lingechukua miaka, lakini lingeanza. Mama Neema alikuwa anasoma Kiingereza maktabani baada ya zamu, miguu imevimba, kwa ajili ya siku hiyo moja.

Niliogopa, na siwafichi kwamba nilijiogopea mimi kwanza. Mkalimani anayeharibu karatasi za mtu anapoteza cheti, na anapoteza kanisa pia. Tayari kichwani nilisikia watu wakisema Mama Riziki anauza majina.

Nikaenda ofisini kwa Milagros. Alikuwepo na msimamizi wake wa kampeni, kijana mmoja msomi, mwenye simu mbili. Nikaeleza yote. Yule kijana hakunyanyua hata uso. "Mwambie aitupe kadi na asipige kura. Uchaguzi ni baada ya wiki tatu. Hakuna atakayejua. Tukijitangaza, mpinzani atasema tunaandikisha wageni, na tumekwisha."

Nilimtazama Milagros. Nilikuwa na hakika atakubali. Nimewaona wakubwa Bukavu, nimewaona wakubwa kambini, nimewajua wakubwa wa kila rangi, na wiki tatu kabla ya uchaguzi wote ni mtu mmoja.

Yeye akaniuliza: "Umejaza ngapi nyumbani?"

"Unanishuku?"

"Ndiyo. Ngapi?"

"Nne."

"Lete daftari."

Tulizikagua zote nne jioni ile, nyumba kwa nyumba. Tatu zilikuwa sawa. Kisha akampigia mwanasheria wa wakimbizi, akasikiliza muda mrefu, akakata simu. Mwanasheria alisema kutupa kadi ndilo jambo baya kuliko yote. Njia ni kwenda wenyewe kwenye ofisi ya uchaguzi, kabla ya siku ya kura, na akina Esperance wote wawili, na saini ilinganishwe. Na barua ya aliyejaza, ikikiri.

Asubuhi yake akaniletea barua imeshachapwa. Nikaanza kuisoma kuanzia chini. Pale chini palikuwa na mstari wa saini, na jina langu peke yake. Juu: mimi, fulani, nilijaza fomu bila mwenyewe kuwepo. Jina la Milagros halikuwemo hata mahali pamoja.

Damu ikanipanda. Nikasema kumbe ndiyo hii! Mkimbizi ndiye atakayeoga matope na mgombea atabaki msafi. Nikamrudishia karatasi yake.

"Sisaini."

"Yaliyoandikwa hapo si ya kweli?"

"Ni kweli. Lakini wewe uko wapi kwenye ukweli huo?"

Hakukasirika. Alifungua mkoba akatoa karatasi nyingine, akanipa. "Nilitaka kwanza usaini kwa sababu ni kweli," akasema, "si kwa sababu nami nimesaini." Hii nayo niliisoma kuanzia chini. Saini yake ilikuwa tayari pale. Aliandika kwamba meza ilikuwa yake, fomu zilikuwa zake, mimi nilifanya kazi chini yake na hakuweka mtu wa kukagua meza hiyo, kwa hiyo kosa ni lake kabla ya kuwa langu. Mama Neema, aliandika, hakuijua fomu hiyo mpaka kadi ilipomfikia.

Nilisaini.

Tulikwenda sote wanne. Akina Esperance wakaandika saini zao mbele ya karani, moja ya duara, nyingine ya kwenda juu, hazifanani kabisa. Jina la Mama Neema likafutwa, la Mama Kashindi likaingizwa, tukapewa barua yenye mhuri. Wakati wote Mama Neema hakuniangalia.

Haikupita wiki, habari ikamfikia mpinzani. Alifanya kama yule kijana wa simu mbili alivyosema. Vipeperushi vikatumwa nyumba hadi nyumba. Watu waliokuwa wananifungulia mlango wakaanza kuongea nami kupitia dirisha. Milagros alishindwa. Asubuhi ya pili alirudi kuendesha basi, nilimwona kwenye barabara ya Bailey amesimamisha magari yote ili mtoto avuke. Nilitaka kujificha nyuma ya mti. Akapiga honi, akanipungia mkono.

Uchaguzi uliofuata alishinda, hiyo mnaijua, na ile picha iliyo ukumbini ni ya siku ya kiapo. Nilimuuliza baadaye, tukinywa kahawa, kwa nini hakufuata ushauri. Nilidhani atanipa hotuba. Akasema, "Siku ile nilikushuku kweli kweli. Nilidhani umejaza kwa makusudi ili kunifurahisha. Kama ningenyamaza, ningekuwa nimekubali zawadi." Tukanywa kahawa yetu. Nami nilikuwa nimemshuku zaidi ya hapo.

Kuhusu Mama Neema, miadi yake ilikuwa baada ya ule uchaguzi wa kushindwa. Sikuruhusiwa kuingia, na sikuwa na uso wa kuomba. Mwanawe ndiye aliyenisimulia. Afisa alipofika kwenye lile swali, Mama Neema hakumwacha amalize. Alisema ndiyo kwa Kiingereza chake cha maktabani, akaweka mezani barua yangu, barua ya Milagros, na ile yenye mhuri, moja juu ya nyingine, akasema, "Soma. Mimi nangoja." Afisa alisoma. Alimuuliza maswali mengine kumi kuhusu jambo hilo hilo. Jibu lilikuja kwa posta baada ya wiki sita ambazo sikula vizuri hata siku moja. Aliapa mwezi wa nne. Sikualikwa kwenye sherehe, na sikumlaumu.

Miezi ikapita. Kanisani ananisalimia kwa kichwa, basi. Wengine walianza kuniletea karatasi tena, mmoja mmoja, lakini yeye hapana, na nilijua fomu ya kumwombea Neema ni ndefu na mwanawe hana subira nayo. Kila Jumapili nilitamani kumwambia niletee, nikameza.

Jumamosi moja nikasikia kucha mlangoni. Mama Neema. Safari hii alivua koti. Akatoa fomu, haijaguswa, na kalamu yake mwenyewe. Akavuta kiti, akakileta upande wangu wa meza, mpaka bega lake likagusa langu.

"Andika," akasema. "Miye niko hapa, naangalia kila herufi."

Nikaandika: Neema. Akainama, akasoma polepole kwa midomo, herufi moja moja, mpaka mwisho.

"Endelea," akasema.